Mamma Mia! Jukwaani London: Uchambuzi Baada ya Kuutazama na Mama

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua Mamma Mia!, mchezo wa kuigiza wa muziki unaoonyeshwa katika ukumbi wa Novello, London, ambao niliutazama pamoja na mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga.

Mchezo huu haukutungiwa nyimbo mpya. Mwandishi Catherine Johnson alichukua nyimbo zaidi ya 20 za kundi la ABBA la Sweden, akazisukia kisa cha Sophie, binti anayejiandaa kuolewa katika kisiwa kimoja cha Ugiriki, ambaye baada ya kuisoma shajara ya mama yake anawaalika kwa siri wanaume watatu, akiamini kwamba mmoja wao ndiye baba yake. Ulifunguliwa tarehe 6 Aprili 1999, miaka 25 kamili tangu ABBA waliposhinda mashindano ya nyimbo ya Eurovision kwa wimbo wa Waterloo.

Nilihofia kwamba mama, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji, angechoka mapema. Haikuwa hivyo, kwani mtu aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kuelezwa kwamba wimbo unaojulikana na wote unaweza kuchaguliwa makusudi ili umfikie mlengwa mmoja. Donna, mama yake Sophie, alipomgeukia Sam, mmoja wa wale wanaume watatu, na kumwimbia The Winner Takes It All, mama aliniinamia akasema, "Huyo kapigwa kijembe. Kwetu mwimbaji angekwisha kutunzwa."

Kabla ya hapo Donna anamsaidia Sophie kuvaa gauni la harusi huku akiimba Slipping Through My Fingers, na mama, ambaye kwa kawaida hana subira ya kunyamaza, hakutamka neno hadi wimbo ulipokwisha. Kwangu mimi hapo ndipo tiketi ilipojilipa.

Dosari zipo. Sehemu ya pili inafunguliwa kwa Under Attack, ndoto ya Sophie, wimbo unaoonekana kupachikwa kwa kuwa tu ulikuwapo, na wale wanaume watatu wamechorwa kijuujuu mno.

Mchezo huchukua takriban saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Ukienda na mtu mzima, mnunulie kiti cha chini, maana kumbi kongwe za London zina ngazi nyingi. Tena msiharakishe kutoka waigizaji wanapoaga, kwani hurejea na mavazi ya kumeremeta na ukumbi mzima husimama kucheza. Mkoba wa mama, wakati huo, niliushika mimi.