Saumu ya kwenye asali, soko kuu la Tabora

Mama mmoja muuza asali hapa sokoni huloweka punje za kitunguu saumu kwenye asali ya miombo mpaka zichachuke, povu likae juu. Nilinunua kopo kwa ajili ya fizi zilizovimba. Ladha naisifu sana: punje laini, ukali umepoa, utamu wenye uchachu kidogo. Nilizitafuna taratibu, maana alisini, kemikali ya saumu inayopambana na bakteria, hutokea punje ikipondwa au kutafunwa. Maumivu yalipungua kidogo, uvimbe ukabaki palepale. Uliisha daktari wa meno aliponiondolea ukoga. Kwa chai nitanunua tena; kwa usaha au homa, jamani, nendeni hospitali. Na mtoto chini ya mwaka 1 asionjeshwe asali kabisa.