Unga wa Pangea wa tini na wadudu kwa geko mwenye kishungi

Mnaofuga geko mwenye kishungi, jaribuni chakula cha unga cha kampuni ya Pangea, hasa kile kilichoandikwa "Fig & Insects" (tini na wadudu). Mjusi huyu asili yake ni Kaledonia Mpya, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, anakula matunda yaliyoiva pamoja na wadudu, na unga huu una vyote viwili, tena umetiwa kalsiamu na vitamini D3. Thamani yake iko hapo. Ndizi ya kuponda au matunda ya kopo ya watoto wachanga atayalamba kwa furaha, lakini kalsiamu yake ni haba. Mjusi akiikosa, mifupa hulainika, taya likapinda, miguu ikatetemeka. Inasikitisha sana kumwona katika hali hiyo.

Nachanganya kijiko kimoja cha unga na viwili vya maji, kisha nasubiri dakika chache mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto. Namwekea jioni, maana huyu ni wa usiku, na kikombe hukaa juu, kwenye kibao cha sumaku kilichobanwa kwenye kioo, kwa sababu maisha yake ni ya matawini. Jioni inayofuata kilichobaki natupa. Zuhura, geko wangu, hula kidogo sana, na wageni wa ufugaji huogopa wakiona kikombe kama hakijaguswa. Mpimeni kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu: uzito usiposhuka, anakula.

Kasoro zipo. Harufu ya wadudu ni kali ukifungua mfuko, na ukichelewa kuosha kikombe unga hukauka ukagoma kutoka. Ladha ya aprikoti Zuhura huigusa kwa ulimi mara moja akaondoka. Ya tikiti maji na embe anaikubali.

Ila chakula peke yake hakitoshi. Hapa Minneapolis, Marekani, majira ya baridi hita hukausha hewa ya nyumba nzima, na ngozi anayojivua hunasa vidoleni. Kila jioni nanyunyizia majani maji, naye hunywa matone yake hapo hapo. Joto nalo lisizidi nyuzi 26 za Selsiasi hivi. Huyu si wa kuwekewa taa kali kama mijusi ya jangwani. Na msimshike mkia! Sisi tuliokulia Tanga tumezoea mjusi kafiri wa ukutani akikatika mkia unaota mwingine. Wa huyu ukikatika ndiyo basi.

Mara moja kwa wiki namwongezea nyenje wadogo, waliopakwa unga wa kalsiamu, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Wasioliwa nawatoa, kwani wanaweza kumng'ata akiwa amelala.

Anayeanza anunue mifuko midogo ya ladha mbili kwanza, aone geko wake anaelekea wapi, ndipo achukue mfuko mkubwa. Ukishafunguliwa, uwekwe kwenye friji.