Mafuta ya Shea Yanayouzwa Marikiti: Mazuri kwa Ngozi, Kibandiko Hakitoshi

Kopo nililonunua katika duka moja la vipodozi karibu na Marikiti, Mombasa, lina mafuta ghafi ya rangi ya manjano iliyofifia, yenye harufu ya moshi na chengachenga zinazoyeyuka mara tu zinaposuguliwa viganjani. Kwa visigino vilivyopasuka sijaona yanayoyashinda, kwani hukaa kwenye ngozi muda mrefu kuliko mafuta ya nazi tuliyoyazoea. Usoni, hata hivyo, ni mazito mno wakati wa kaskazi.

Bei ni ya juu, lakini ni ya haki kwa anayejua kazi iliyomo. Mti wa shea humea wenyewe katika vijiji vya Burkina Faso, Mali na kaskazini mwa Ghana, ambako wakulima huuacha usimame katikati ya mtama na uwele, nao huchukua takriban miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa. Wanawake huokota matunda yaliyoanguka, na baada ya nyama yake kuliwa, kokwa huchemshwa, huanikwa, huvunjwa, hukaangwa na kusagwa, kisha unga wake hukandwa kwa mikono pamoja na maji mpaka mafuta yaelee. Huko hutumika pia kupikia.

Ndiyo maana inaniuma kwamba kibandiko hakitaji nchi yalikotoka wala tarehe ya kufungashwa, na nimemwomba mwenye duka arekebishe. Kwa sasa nunueni kopo dogo, na mlihifadhi mbali na jua.