PhotoScan au skana ya mezani: ipi itakutoa kimasomaso siku wahitimu wanapokutana?

Mkusanyiko wa watu waliomaliza sekondari pamoja hauanzi siku ya kukutana. Huanza pale mmoja wao anapotupia kwenye kundi la WhatsApp picha ya darasa zima, na waliokuwa kimya miezi kadhaa wakaanza kuulizana: huyu aliyesimama nyuma ya mwalimu ni nani? Kila mtu anaivuta picha kwa vidole viwili, na hapo inagundulika kuwa nyuso zote ni ukungu mtupu. Karatasi yenyewe mara nyingi haina kosa. Kosa ni namna ilivyoingizwa kwenye simu.

Tathmini hii inaweka pamoja vitu viwili ambavyo kamati nyingi huishia kuchagua kati yake. Cha kwanza ni PhotoScan, programu ya bure ya Google iliyotoka Novemba 2016 kwa Android na iPhone. Cha pili ni Canon LiDE 300, skana nyembamba ya kulaza mezani inayopokea karatasi hadi A4 na kupata umeme kupitia waya uleule wa USB unaoiunganisha na kompyuta.

PhotoScan imebuniwa kupambana na adui mmoja, mng'ao. Ukipiga kwa kamera ya kawaida picha iliyochapwa kwenye karatasi ya kung'aa, taa au dirisha hujichora juu yake kama doa jeupe. Programu hii hukutaka uiweke picha ndani ya fremu na kubonyeza, kisha nukta nne nyeupe hutokea, nawe unasogeza simu ili duara lifunike kila nukta kwa zamu. Kila mara inapiga tena kutoka pembe tofauti kidogo. Kwa kuwa mng'ao huhama simu inapohama lakini picha haihami, programu huchukua sehemu safi za kila pigo na kuziunganisha, halafu hukata kingo na kunyoosha picha iliyopinda kwa mtazamo.

Ujanja huo unafanya kazi, na vizuri. Ila kuna namna tatu za kuuharibu. Ya kwanza ni kuinamisha simu badala ya kuisogeza sambamba na picha; mkono uende kama unapiga pasi, usibetuke. Ya pili ni kuweka picha nyeupe kingo juu ya meza nyeupe, kisha kushangaa programu imekata vibaya. Tandika kitambaa cheusi. Ya tatu ni picha iliyojikunja. Karatasi iliyoinuka katikati huonekana tofauti kutoka kila pembe, hivyo programu inapounganisha mapigo, kola ya shati huwa mbili na pua huhama kidogo. Picha ikiwa haing'ai, zima uondoaji wa mng'ao kabisa na upige mara moja kwa mwanga wa dirisha. Utapata kitu kikali zaidi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo PhotoScan inaposhindwa. Chukua picha ya darasa yenye upana wa sentimita 20 na safu ya watu 20. Kila mmoja ana sentimita moja, na uso wake una kama milimita 4. Faili likiwa na pikseli 3,000 kwa upana, uso unapata 60 tu, na ile kazi ya kuunganisha mapigo tayari imelainisha kingo. Skana ikiwekwa dpi 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi), uso huohuo unapata pikseli 47. Ukiweka 600, unapata 94, tena kali, kwa sababu karatasi imelala bapa kwenye kioo na hakuna mkono unaotikisika. Kwa hiyo skana si bora kwa kuwa ni skana. Ikiachwa kwenye 300, ambayo wengi hawaibadilishi, haina faida kubwa. Dpi 600 ndiyo sababu ya kuitumia. Kupanda hadi 1200 hakuongezi kitu kwenye picha nyingi za karatasi, zaidi ya kukuza chembe na vumbi na kuchosha kompyuta.

Picha hiyo ya sentimita 20 kwa 15 ikiskaniwa kwa dpi 600 ina pikseli milioni 16.7, na kama TIFF (faili lisilopunguza ubora wa picha) ni takriban MB 50. Hifadhi TIFF kwa picha za darasa zima. Zilizobaki JPEG ya ubora wa juu inatosha. Picha za nyeusi na nyeupe nazo ziskaniwe kwa rangi. Madoa ya manjano na wino wa kalamu uliopita juu huondoka kirahisi zaidi rangi zikiwepo.

LiDE 300 ina upungufu wake, na wanaoisifia huusahau. Kihisi chake ni cha aina ya CIS, ambacho huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Picha iliyoinuka milimita chache tayari ina ukungu, na picha iliyo ndani ya fremu yenye kioo haiwezekani kabisa. Epson Perfection V600, iliyo nzito na nene zaidi, hutumia kihisi cha aina nyingine, CCD, pamoja na lenzi, na huvumilia umbali huo mdogo. Kama picha imegandia kwenye kioo cha fremu, usiibandue, tabaka la picha litabaki kiooni. Hapo V600 itakusaidia, au PhotoScan, ambayo kwa picha zenye vioo ukutani haina mpinzani. Mtu anayeenda nyumbani kwa mwalimu mstaafu kuomba picha hatabeba skana, wala hatafungua fremu za watu.

Kwa picha ndogondogo, LiDE hubana muda. Panga kadhaa kwenye kioo, acha nafasi ya sentimita moja kati ya picha na picha na vilevile kutoka kingo za kioo, kisha tumia hali ya kujitambulia. Kila picha hutoka faili lake. Zikikaribiana kuliko hapo, mbili hukatwa kama moja. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini. Kama lazima utumie dawa, nyunyizia kitambaa, si kioo, maana unyevu ukiingia pembeni huacha ukungu ndani usiofutika.

Albamu zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu ni balaa la peke yake. Usivute picha kwa kona. Pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu chini yake, kama unakata sabuni, na ikigoma skani ukurasa mzima. Picha zilizochapwa kwenye karatasi yenye vijishimo kama sega la nyuki ndizo zinazoiaibisha skana: taa yake hutoka upande mmoja na kila kijishimo hupata kivuli. Skani mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza picha nyuzi 180, igeuze tena kwenye GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha), ilinganishe juu ya ya kwanza na uipe uwazi wa asilimia 50. Vivuli hufutana. Kwa picha tano utavumilia. Kwa hamsini piga kwa simu, mwanga laini ukitoka pande mbili.

Kazi yote hiyo huharibika kwa bonyezo moja. WhatsApp ikipewa picha kama picha, hupunguza upande mrefu hadi pikseli takriban 1,600. Rudi kwenye watu wetu 20 wa safu moja: kila mtu anabakiwa na pikseli 80, uso wake 32. Chaguo la HD linasaidia, lakini nalo hukandamiza. Tuma kama hati, ambapo faili hupita kama lilivyo hadi GB 2, au weka kwenye folda ya mtandaoni na utume kiungo. Na mwambieni anayekusanya asipokee picha zilizokwisha kuzunguka makundi matatu, aitafute karatasi.

Kadi za majina zenye sura za enzi hizo hupendeza sana, na huokoa aibu ya kutomjua mtu uliyekaa naye dawati moja. Ila msikate uso kutoka picha ya darasa. Pikseli 94 zikichapwa kwa dpi 300 hutoa uso wa milimita 8. Ombeni pasipoti saizi au kitambulisho cha shule: sentimita 3.5 kwa 4.5 ikiskaniwa kwa dpi 600 hutoa pikseli 827 kwa 1,063, inayotosha kuchapa sentimita 7 kwa 9 bila kuvunjika.

Kuna watakaopendekeza programu za akili bandia za kung'arisha nyuso. Zikatae kwa picha za darasa. Kwenye uso wa pikseli 40 hakuna kope wala meno ya kurudisha, hivyo programu inabuni. Matokeo ni safu ya vijana watanashati wenye ngozi laini ambao hawakuwahi kusoma shule hiyo. Kurekebisha rangi ni jambo jingine: picha za zamani zilizogeuka nyekundu mara nyingi zimepoteza rangi ya samawati-kijani, na kitufe cha kurejesha rangi kwenye programu ya skana kinaikaribia hali ya awali bila kumbadili mtu sura.

Mgongo wa picha uskaniwe pia, hata ukiwa na neno moja. Mara nyingi mwaka au jina la mpiga picha liko hapo tu. Halafu chapa nakala ya A4 ya picha ya darasa, andika nambari juu ya kila kichwa kuanzia safu ya mbele, kushoto kwa anayetazama (si kushoto kwa waliokaa, hili lisiposemwa, majina hugeuka kinyumenyume na ugomvi huanza), kisha izungushe kundini watu wajaze. Majina yahifadhiwe kwenye faili lenye jina lilelile la picha. Nambari ambazo hazijapata mwenyewe ziachwe wazi, na nakala hiyo ibandikwe mlangoni siku ya kukutana pamoja na kalamu iliyofungwa kwa kamba.