Regyuleta ya oksijeni ya hatua mbili: uzoefu wangu baada ya kuacha ya hatua moja

Regyuleta ni kifaa kinachofungwa kwenye mtungi wa gesi ili kupunguza presha kabla gesi haijafika kwenye tochi ya kukatia au kuchomelea. Mtungi wa bar 200 (bar ni kipimo cha presha) ukiwa umejaa, hutaona tofauti yoyote kati ya hizi mbili. Ngoja ushuke hadi bar 40, hapo ndipo hii ya hatua mbili iliponiteka moyo.

Katika ile ya hatua moja, presha ya mtungi yenyewe husaidia kuisukuma valvu ndogo ya ndani ijifunge. Gesi inapopungua, msaada huo unapungua pia, springi inaizidi nguvu valvu, na presha ya kutokea, yaani ya gesi inayokwenda kwenye tochi, inapanda bila wewe kugusa skrubu ya kurekebishia. Kwenye kukata chuma unaliona: ukingo wa mkato unakwaruzika na inabidi urekebishe kila mara. Hii ya hatua mbili hupunguza presha kwanza hadi kiwango kilichowekwa kiwandani, kisha hatua ya pili inapokea gesi tulivu. Nikiweka bar 2.5, sindano ya geji inabaki hapo mpaka mtungi unakaribia kuisha.

Kuifunga kwenye mtungi ni kulekule kama ya hatua moja. Kabla ya kuifunga, fungua mtungi kidogo sana kwa sekunde moja, ukiwa umesimama pembeni, vumbi litoke kwenye mdomo wa mtungi. Usipake mafuta wala grisi popote, hata tone. Legeza skrubu ya kurekebishia kabisa kabla ya kufungua mtungi, halafu fungua taratibu. Ukifungua kwa ghafla, oksijeni inabanwa kwenye nafasi ndogo na kupata joto kali papo hapo. Kiti cha valvu (sehemu ambayo valvu huikalia inapojifunga) kikiwa cha plastiki, au pakiwa na mafuta, panaweza kuwaka.

Kila nikiifunga kwenye mtungi nafanya kipimo hiki: naweka bar 2, nafunga koki za tochi, naangalia geji ya kutokea. Ikipanda kidogo na kusimama, ni sawa. Ikiendelea kupanda polepole, kiti kimeingia uchafu au kimechubuka, na regyuleta hiyo haifai kutumika mpaka itengenezwe na fundi wake. Kisha nafunga mtungi na kusubiri dakika 5: geji ya mtungi ikishuka, kuna mvujo, natafuta kwa povu la sabuni isiyo na mafuta.

Ni nzito zaidi, na ina vipande vingi vya kuhudumia. Lawama yangu kubwa ni geji ya kutokea, inayofika bar 16. Kwa kuchomelea bati jembamba, ambapo nahitaji chini ya bar 0.5, sindano inanyanyuka kwa upana wa unywele tu. Kama kazi yako ni hiyo, dai yenye geji ya kiwango kidogo.