Kanisa la kijiji: mabenchi au viti vya plastiki?

Jumapili ibada, Jumanne kikao cha vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa), Alhamisi watoto wanapimwa uzito. Jengo ni moja. Swali ni watu wakalie nini.

Kwa nafasi, benchi linashinda. La mita 2.4 linakalisha watu wazima 5. Viti 5 vyenye mikono vinakula karibu mita 3. Ila ukitaka kufungua uwanja, viti hurundikwa kumi kumi kwenye kona, wakati benchi la mninga linataka watu wawili, na likikokotwa linachubua saruji.

Uimara ndipo penye kazi. Benchi la misumari mitupu hulegea kwenye maungio. Funga kwa bolti na nati. Mbao za paini zikigusa sakafu yenye unyevu, mchwa hupanda kimya kimya kutoka chini, kwa hiyo paka miguu dawa mapema. Kiti cha plastiki hutanuka miguu kwenye sakafu inayoteleza kisha hupasuka, upesi zaidi kikikaa sana juani, na kukiunga ni kazi ngumu. Andika jina la kanisa chini ya kila kimoja: vikiazimwa msibani, havirudi vyote.

Seremala yupo karibu na ukumbi haupangwi upya mara kwa mara? Mabenchi. Unapangwa kila siku? Viti. Wazee wenye magoti mabovu wawekewe vichache vyenye mikono kwa vyovyote vile.