Kupanda farasi kwa watoto, Bagamoyo: jike aliyeokolewa yuko tayari, kipindi cha jioni kisogezwe

Ukifika mazizini, njia ya Kaole, mtazame farasi kwanza. Jike huyu wa kahawia aliletwa mbavu zikihesabika, na kinachotupa imani ni kwamba hakuwekewa tandiko mpaka mbavu zikawa hazionekani tena, ila kwa kupapasa. Farasi aliyekonda hivyo akipewa mahindi na pumba kwa pupa anaweza kufa; mwili uliozoea njaa hauhimili wanga mwingi wa ghafla. Walianza na nyasi kavu, kidogo kidogo mara 6 kwa siku, huku meno na kwato zikitengenezwa.

Uzito wanaupima kwa futi ya fundi cherehani. Mzunguko wa kifua, sm 160, unazidishwa kwa wenyewe, kisha kwa urefu wa mwili, sm 162, halafu jibu linagawanywa kwa 11,880: karibu kilo 349. Wanamruhusu kubeba asilimia 15 tu, yaani kilo 52. Toa tandiko la kilo 8, mtoto asizidi kilo 44. Wa kilo 50 hapandi, hata mzazi anung'unike, na tunawaunga mkono kabisa.

Somo la kwanza ni kupiga brashi na kuchokoa kwato. La pili ndipo mtoto anapanda, saisi, yaani mtunza farasi, kashika kamba. Mkanda wa tumbo hukazwa mara mbili, kwa sababu farasi huvuta pumzi akifungwa. Akitembea hatua chache mkanda unalegea, na tandiko linaweza kupinduka na mtoto. Viatu viwe na kisigino kifupi. Kwa makubadhi mguu hupenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kando ya tandiko, na mtoto akianguka anaburutwa. Pwani wanatoka maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu. Ule mlaini huumiza mishipa ya miguu ya farasi.

Kofia ngumu za kupandia ni chache na kubwa, zimejazwa vitambaa. Mtoto akianguka, kofia ya namna hiyo inahama. Mleteni na yake.

Kinachotusumbua zaidi ni kipindi cha saa 12 jioni. Ndiyo saa ya usubi, nao hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, usio na dawa ya kuuponya. Saa 1 asubuhi, jua likishapanda, ingefaa zaidi. Tena nyasi za jike huyu zinamwagwa chini mchangani: mchanga ukimjaa tumboni huleta msokoto. Karai kubwa lingetosha.